Maili zako zinakonda kwa sababu huna pa kuhamia

Kati ya Januari 2015 na Agosti 2016, mashirika matatu makubwa ya ndege ya Marekani yalibadilisha namna ya kuwagawia abiria wao maili, yaani pointi za zawadi ambazo abiria hukusanya na baadaye kuzitumia kulipia tiketi. Delta ilitangulia Januari 2015, United ikafuata Machi mwaka huohuo, American ikamalizia Agosti 2016. Zamani abiria alipewa maili kulingana na umbali aliosafiri. Kuanzia hapo akawa anapewa kulingana na fedha aliyolipa. Hilo peke yake si la ajabu, kwani kila mfanyabiashara ana haki ya kumtunza zaidi anayenunua zaidi. La kutazama ni tarakimu. Delta ilitangaza maili 5 kwa kila dola kwa mwanachama wa kawaida, na 11 kwa mwenye hadhi ya juu kabisa, yaani ngazi ya uanachama wanayopewa wasafiri wa mara kwa mara. United ikatangaza 5 na 11. American, baada ya kuwatazama wenzake kwa zaidi ya mwaka mzima, nayo ikatangaza 5 na 11.

Hapakuwa na haja ya watu kujifungia chumbani na kukubaliana. Wauzaji wakiwa wengi, anayepunguza kipimo hukimbiwa na wateja. Wakiwa watatu tu, kila mmoja anaweza kupunguza kipimo akijua kwamba mwenzake atapata faida kubwa zaidi kwa kupunguza naye kuliko kwa kubaki mkarimu na kugombania wateja. Kila mmoja anamtazama jirani yake, na kipimo kinashuka bila mtu kusema neno.

Hebu tuone kipimo hicho kilishuka kiasi gani. Kutoka New York hadi Los Angeles ni karibu maili 2,475, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama maili 4,950. Katika utaratibu wa zamani, abiria wa kawaida alijaziwa maili hizo zote hata kama nauli yake ilikuwa dola 300. Katika utaratibu mpya, dola 300 zinampa maili 1,500, yaani chini ya theluthi moja ya alichozoea. Aliyekaa kiti cha dola 1,200 kwenye ndege hiyohiyo anapata 6,000 na kutoka akiwa amefaidika. Kwa hiyo si kweli kwamba zawadi zilifutwa. Zilihamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na aliyenyang'anywa ni yule ambaye shirika halikuwa na hofu ya kumpoteza.

Kuhama huko kwa zawadi ndilo jambo ninalotaka kulifuatilia hapa, maana watu wengi hudhani ushindani ukipungua zawadi hupungua kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, kote kwa usawa. Sivyo. Zawadi hukauka pale ambapo mteja amebanwa, na hububujika pale ambapo bado kuna mtu wa kumgombania.

Kiti kitupu

Hadi mwaka 1978 serikali ya Marekani ndiyo iliyoamua shirika gani liruke wapi na litoze nauli gani. Mashirika hayakuweza kushindana kwa bei, yakashindana kwa chakula na tabasamu. Sheria ya mwaka huo ikawafungulia mlango: kila mmoja aruke anakotaka, atoze anachotaka. Ghafla kila shirika likawa na wateja wa kuiba na wateja wa kuibiwa.

Tarehe 1 Mei 1981 American ikaanzisha AAdvantage, programu yake ya maili. United ikajibu kwa Mileage Plus ndani ya siku chache tu, na mashirika mengine makubwa yakafuata. Wakati huo ndege za Marekani zilikuwa zikiruka na takribani viti vinne vitupu katika kila viti kumi, na humo ndimo ilimokuwa siri ya ukarimu wote ule. Mlango wa ndege ukishafungwa, kiti kitupu ni mali iliyokwisha kuoza, hakiuziki kesho. Kumpa abiria kiti hicho bure kunaligharimu shirika mafuta kidogo na kinywaji. Kwa abiria, kiti hichohicho kina thamani ya nauli nzima. Ukiweza kumpa mtu kitu anachokiona cha mamia ya dola huku wewe kikikugharimu senti, na kwa kufanya hivyo ukamfunga asiende kwa jirani, ungekuwa mjinga usipofanya.

Mwaka 1988 ushindani huo ulifika mahali pa kuchekesha. Delta ilitangaza maili mara tatu kwa waliolipia tiketi zao kwa kadi ya American Express. Wapinzani wakaona wataachwa, wakatoa mara tatu nao. Zikamwagwa maili nyingi kiasi kwamba mashirika yalikuja kuumiza kichwa baadaye yatalipaje deni hilo. Abiria wa 1988 hakuwa mwerevu kuliko abiria wa leo. Alikuwa na bahati ya kugombaniwa.

Sarafu ya duka moja

Maili si punguzo la bei. Ni sarafu, tena sarafu ya aina ya pekee: inanunua katika duka moja na washirika wake, na mwenye duka ndiye anayechapa noti, ndiye anayepanga bei za bidhaa, na ndiye aliyeandika katika masharti kwamba anaweza kubadilisha lolote wakati wowote. Benki kuu ya nchi ikichapa fedha ovyo, wananchi watakimbilia dola au dhahabu. Mwenye maili hawezi kuzibadilisha kwa chochote cha maana nje ya duka lile. Breki pekee ya mchapaji ni woga kwamba safari ijayo utakwenda duka la pili.

Kwa miaka mingi woga huo ulikuwa na sura ya karatasi: orodha ya bei za tiketi za maili. Maili 25,000 kwenda na kurudi ndani ya Marekani ilikuwa bei iliyozoeleka kwa miongo. Orodha ilikuwa ahadi. Shirika likitaka kupandisha bei, lilitakiwa kulitangaza jambo hilo hadharani na kutukanwa. Februari 2015, mwezi mmoja baada ya kubadilisha namna ya kugawa maili, Delta iliziondoa orodha zake. United iliziacha zake Novemba 2019. Tangu hapo bei ya tiketi kwa maili inapanda na kushuka kama nauli ya kawaida, na mara nyingi inapanda bila mtu kuona siku ilipopandishwa. Kwa maoni yangu, hili ni pigo kubwa kuliko lile la maili 5 kwa dola, ingawa lilipigiwa kelele kidogo. Anayepunguziwa mshahara analalamika siku hiyohiyo. Anayepunguziwa thamani ya akiba yake hujua siku anapokwenda kuitumia.

Yapo pia mambo yaliyoonekana kama ukarimu. Mwaka 2011 Delta ilifuta muda wa mwisho wa matumizi ya maili, na United ikafanya hivyo 2019. Maili hazifi tena. Lakini sarafu isiyokufa huku bei za duka zikipanda kila msimu inakonda tu mfukoni, na mwenye nayo hana tarehe ya kumshtua aitumie mapema.

Wengi wakawa wachache

Katika miaka hiyo ya mabadiliko, ramani ya mashirika ilikuwa imekwisha kuchorwa upya. US Airways na America West waliungana 2005. Delta ikaichukua Northwest 2008. United na Continental wakawa kitu kimoja 2010. Southwest ikainunua AirTran 2011. American na US Airways wakaungana mwishoni mwa 2013. Majina tisa yamekuwa manne, na hayo manne ndiyo yanayobeba takribani abiria wanane katika kila kumi wa safari za ndani za Marekani.

Hata hesabu hiyo ya manne inapendezesha mambo. Abiria hashindaniwi na nchi nzima. Anashindaniwa pale anapoishi. Mashirika makubwa yana vitovu, yaani viwanja ambako yameweka ndege zao nyingi na kuunganishia safari. Atlanta ni ya Delta. Charlotte na Dallas Fort Worth ni za American. Newark ni ya United. Mkazi wa mji wa namna hiyo akitaka kwenda moja kwa moja bila kubadilisha ndege, mara nyingi jina ni moja tu. Anaweza kukasirika, anaweza kuandika barua, lakini Jumatatu asubuhi atapanda ndege ileile. Na shirika linajua.

Aprili 2014 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi ambao ningependa kila mwenye maili ausome. Ni kesi ya Northwest dhidi ya Ginsberg. Northwest ilimfukuza Ginsberg kwenye programu yake mwaka 2008, ikisema analalamika kupita kiasi. Yeye akashitaki kwamba shirika halikumtendea kwa nia njema. Majaji wote kwa kauli moja wakasema sheria ya mwaka 1978, ileile iliyoyafungulia mashirika mlango, inazuia dai la namna hiyo chini ya sheria za majimbo. Kisha wakaongeza faraja: abiria asiyeridhika anaweza kuliepuka shirika lenye sifa mbaya, na huenda akajiunga na programu ya mpinzani iliyo bora zaidi.

Soma hilo mara mbili. Mahakama inasema kinga yako si sheria. Kinga yako ni ushindani. Na wakati uamuzi unasomwa, Northwest yenyewe ilikuwa imekwisha kumezwa na Delta miaka kadhaa nyuma, American na US Airways walikuwa na miezi minne tu ya ndoa yao, na Delta ilikuwa imekwisha kutangaza, Februari ya mwaka huohuo, kwamba inaachana na maili za umbali. Mlango ambao majaji walimwonyesha abiria ulikuwa unafungwa nyuma ya mgongo wao.

Kuumiza, kisha kuuza dawa

Kuna faida moja ya uanachama ambayo watu huisahau wanapohesabu maili, nayo ni msamaha. Juni 2008 American ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza, na wakubwa wenzake wakafuata. Kabla ya hapo begi lilikuwa sehemu ya safari. Baada ya hapo, "begi la bure" likawa zawadi: ukiwa na hadhi unaipata, ukiwa na kadi ya benki yenye nembo ya shirika unaipata. Kiti cha mbele kidogo, kupanda ndege mapema ili upate nafasi ya kuweka mzigo: mengi yanayoitwa manufaa ya uanachama leo ni ruhusa ya kutoguswa na adha ambayo shirika lenyewe liliianzisha.

Mchezo huu unahitaji wachezaji wachache. Ukianzisha adha peke yako katika soko lenye wapinzani wengi, mpinzani ataifanya kuwa tangazo lake. Southwest ilifanya hivyo kwa miaka mingi. Mabegi mawili bure kwa kila abiria yalikuwa ndiyo matangazo yake. Tarehe 28 Mei 2025 nayo ilianza kutoza, isipokuwa kwa makundi fulani, wakiwemo wenye hadhi, wenye kadi yake na wenye tiketi za bei ya juu. Siku hiyo begi la bure la shirika jingine lolote lilipanda thamani bila shirika hilo kufanya chochote.

Mahali ambako mtu bado anagombaniwa

Kama hoja hii ni ya kweli, lazima tuone kinyume chake pia: ushindani ukiingia, zawadi zirudi. Seattle ilitupa mfano. Ni nyumbani kwa Alaska Airlines, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa mshirika wa Delta. Kuanzia takribani 2013 Delta iliamua kuufanya mji huo kitovu chake, na urafiki ukageuka vita hadi ushirikiano wao ukavunjika kabisa 2017. Wakati wa vita hiyo, wakazi wa Seattle walijikuta wakimiminiwa maili mara mbili, huku kila upande ukijaribu kuwavuta. Mkazi wa Atlanta, mteja wa Delta ileile, hakumiminiwa. Shirika moja, programu moja, mwaka mmoja, miji miwili. Kilichotofautisha ni mpinzani kusimama ng'ambo ya barabara.

Mfano wa pili ni wa Septemba 2023. Delta ilitangaza kwamba hadhi yake itapatikana kwa matumizi ya fedha tu, na kwamba ngazi ya juu kabisa, iliyohitaji dola 20,000 kwa mwaka, sasa itahitaji 35,000. Ikabana pia kuingia katika kumbi zake za mapumziko. Wateja walipiga kelele ambazo hazijawahi kusikika. Lakini kelele peke yake ni upepo. Kilichozipa uzito ni kwamba Alaska na JetBlue zilifungua milango ndani ya muda mfupi, zikiwaambia wateja wa Delta: njoo na hadhi yako, tutakupa inayolingana nayo. Mkuu wa Delta, Ed Bastian, alikiri hadharani kwamba wamevuka mpaka. Oktoba kiwango kikashushwa hadi dola 28,000.

Angalia hesabu hiyo kwa makini. Kutoka 20,000 kwenda 28,000 bado ni ongezeko la asilimia 40, na watu walishukuru. Ushindani ulikuwepo, lakini ulikuwa wa kiasi, na ulipunguza maumivu kwa kiasi hichohicho.

Ukuta uliojengwa kwa zawadi

Hadi hapa nimeeleza kana kwamba ushindani ndio sababu na zawadi ndiyo matokeo. Sehemu ngumu ya jambo hili ni kwamba mshale unakwenda pande zote mbili, na hakuna nchi iliyolionyesha hilo vizuri kama Norway.

Mwishoni mwa 2001 SAS, shirika la ndege la Skandinavia, iliinunua Braathens, mpinzani wake mkuu katika safari za ndani za Norway, ikabaki karibu peke yake angani. Kwa hesabu yetu ya hapo juu, mamlaka zingepaswa kuogopa kwamba SAS sasa itawabania abiria pointi zake za EuroBonus. Mamlaka ya Ushindani ya Norway iliogopa kinyume chake. Mwaka 2002 iliipiga marufuku SAS kutoa pointi katika safari za ndani. Sweden ilikuwa imetangulia mwaka mmoja, pale mahakama yake ya masuala ya soko ilipoizuia SAS kutoa pointi kwenye njia za ndani zenye wapinzani.

Kwa nini serikali izuie raia wake kupewa zawadi? Mfikirie msafiri wa kikazi. Tiketi inalipwa na mwajiri. Pointi zinaingia kwenye akaunti ya mfanyakazi. Mlipaji ni mmoja, mfaidi ni mwingine. Shirika jipya likija na nauli ya chini, anayefurahi ni mwajiri, lakini anayechagua ndege ni mfanyakazi, naye amebakiza safari tatu tu afike ngazi ya dhahabu. Ongeza hapo kwamba shirika kubwa linaweza kumlipa pointi zake kwa likizo ya mbali na familia, huku shirika jipya lenye njia mbili likiwa na uwezo wa kumpa safari nyingine ya mji uleule anaokwenda kikazi. Mgeni hawezi kuushinda ukuta huo kwa nauli nzuri tu.

Septemba 2002 shirika la ndege la Norwegian lilianza safari za ndani, na likakua kuwa mpinzani halisi. Siwezi kusema marufuku ndiyo iliyolizaa, kwani mambo mengi yalikwenda pamoja. Mwaka 2007 marufuku ilipanuliwa kwa mashirika yote ya safari za ndani, na 2013 ikaondolewa. Kwa zaidi ya miaka kumi Wanorway waliruka nchini mwao bila pointi, na walikuwa na mashirika mawili ya kuchagua.

Australia ina kisa kinachofanana nacho kwa upande wa huzuni. Shirika la ndege la Ansett lilipoanguka Septemba 2001, pointi za wateja wake ziligeuka kuwa si kitu. Mpinzani mpya, Virgin Blue, iliyoanza kuruka mwaka mmoja kabla yake, haikuwa na programu ya pointi hadi 2005. Katikati ya hapo, mtu aliyetaka kuthaminiwa kwa safari zake za ndani alikuwa na shirika moja tu, Qantas.

Kwa hiyo mzunguko wote ni huu: zawadi hutolewa kwa wingi pale mpinzani anapohitaji kufukuzwa, zinajenga ukuta, ukuta unamzuia mpinzani, na mpinzani akishaondoka zawadi hazina kazi tena.

Vita vimehamia kwenye pochi

Mtu atauliza: kama mambo ni mabaya hivyo, mbona benki za Marekani zinatoa maili makumi ya maelfu kwa kuchukua kadi moja tu? Ni kwa sababu ushindani haukufa, ulihama. Viti vya ndege vinauzwa na wachache, lakini mteja mwenye kipato kizuri anagombaniwa na benki nyingi. Citibank ilianza kutoa kadi ya AAdvantage mwaka 1987, na tangu hapo biashara ya kuuza maili kwa benki imekua kuwa chanzo kikubwa cha mapato ya mashirika. Kwa mwaka 2024 Delta ilipokea karibu dola bilioni 7.4 kutoka kampuni ya kadi ya American Express. Mwaka 2020, korona ilipozilaza ndege chini, United iliweka programu yake ya MileagePlus rehani ili ikope, na ikaithamini kwa takribani dola bilioni 22. Thamani ya shirika zima kwenye soko la hisa wakati huo ilikuwa chini ya hapo.

Hali hiyo inabadilisha nani hasa ni mteja. Benki ndiyo inayonunua maili kwa jumla na fedha taslimu. Wewe unazipata rejareja, na unapokwenda kuzitumia unakutana tena na muuzaji yule wa viti asiye na mpinzani. Ndiyo maana ukarimu umejaa mlangoni na umepungua ndani: bonasi ya kujiunga ni kubwa kwa sababu benki mbili zinakuvuta mikono, bei ya tiketi kwa maili ni kali kwa sababu kwenye njia unayoitaka hakuna anayekuvuta. Ulaya hata mlango wenyewe ni mwembamba, kwani tangu mwisho wa 2015 ada ambayo benki hupata kwa kila malipo ya kadi ya mkopo ya mtu binafsi imewekewa kikomo cha asilimia 0.3, na fungu la kulipia bonasi likapungua.

Si kila kitu ni kosa la uchache

Nisimtwike mtuhumiwa mmoja mizigo yote. Southwest ilianza kutoa pointi kwa fedha badala ya safari mwaka 2011, na JetBlue mwaka 2009. Hao hawakuwa vigogo wa vitovu, walikuwa wapinzani wenye njaa. Pia ndege zimejaa. Pale palipokuwa na viti vinne vitupu kati ya kumi mwaka 1981, katika miaka ya 2010 vilikuwa chini ya viwili. Kiti ambacho kinaweza kuuzwa kwa fedha hakiwezi tena kugawiwa kwa bei ya kinywaji. Hata viti vya daraja la kwanza, ambavyo vilikuwa bakshishi ya wenye hadhi, mashirika yamejifunza kuviuza kwa nyongeza ndogo siku chache kabla ya safari. Lakini hata kujaa kwa ndege kuna mkono wa uchache ndani yake: mashirika machache hupunguza viti kwa urahisi kuliko mashirika mengi, ambayo kila moja linaogopa kupunguza peke yake.

Korona ilitupa jaribio la bahati mbaya. Viti vikawa vitupu tena, na mashirika yaleyale yakaongeza muda wa hadhi za wateja kwa mwaka mzima bila kuombwa. Abiria waliporudi, masharti yakarudi.

Kwa msafiri anayetaka kujua amesimama wapi, swali la kwanza si programu gani inatoa maili nyingi. Ni hili: kwenye njia ninayoruka mara nyingi, nani mwingine anaruka? Kama hakuna, huduma ya hadhi anayoihangaikia angeweza kuipata kwa kununua tiketi ya bei ya chini na kulipia kiti cha mbele siku anapokihitaji. Kama wapo wawili, asijifunge na mmoja kabla hajauliza mwingine atampa nini kwa hadhi aliyonayo. Na maili alizonazo azitumie mapema. Pointi za benki zinazoweza kuhamishiwa mashirika kadhaa ni salama zaidi kuliko maili za shirika moja, kwa sababu zinabaki na mlango wa kutokea hadi dakika ya mwisho.

Serikali ya Marekani nayo ililitazama jambo hili Septemba 2024. Wizara ya Uchukuzi iliyaandikia American, Delta, Southwest na United ikidai maelezo kuhusu kushushwa kwa thamani ya pointi, bei zisizo na orodha, ada na kupungua kwa ushindani. Mwezi huohuo wizara iliruhusu Alaska kuinunua Hawaiian Airlines, na safari hii maili za wateja zikaingizwa katika masharti ya ruhusa: maili za Hawaiian zisiishe muda wakati wa kuunganisha programu, zihamishwe moja kwa moja, maili moja kwa maili moja, na wenye hadhi wapewe inayolingana nayo. Masharti hayo ni ya miaka sita.